Shajara ya mradi: kuchagua bunduki ya misumari midogo kwa mikanda ya milango na skatingi

3 Juni 2024: Kazi yenyewe

Nyumba iko nje kidogo ya mji wa Dodoma. Kuta ni za tofali za saruji. Lipu imeshapigwa kila mahali isipokuwa vyumba viwili vya nyuma, na fremu za milango zimeshasimikwa. Mwenye nyumba anataka mikanda ya mninga kuzunguka fremu, pande zote mbili za kila mlango, ipakwe vanishi. Chini ya kuta anataka skatingi ya mbao ya paini iliyopakwa rangi nyeupe, hataki ile ya vigae. Sebuleni, ambako dari ni plaiwudi, kuna konisi ya mbao, yaani mkanda wa pembeni ukuta unapokutana na dari.

Vipimo: mkanda wa fremu una upana wa milimita 70 na unene wa 18. Skatingi ina kimo cha 100 na unene wa 15.

Kazi ya namna hii wengi wetu tunaifanya kwa nyundo. Msumari unapondwa kichwa uwe bapa, unapigwa, kisha unazamishwa kwa panchi. Kwa mninga uliokauka njia hiyo ina shida mbili. Mkanda unapasuka karibu na ncha usipotoboa kwanza kwa drili, na mtikiso wa nyundo unaachanisha fremu na lipu, ufa mwembamba unatambaa ukutani. Hapa lipu ni mpya na fundi rangi ameshaanza kupaka skimu, ule utandu mwembamba wa kulainisha ukuta, kwa hiyo nyundo nataka iguse ukuta mara chache iwezekanavyo. Ndiyo maana natafuta bunduki ya misumari.

Shajara hii ni kwa ajili ya mafundi wanaofikiria kununua. Maduka yatakuuliza unataka chapa gani. Swali la maana ni nyuma ya mkanda wako kuna nini, na utaona huko mbele jinsi lilivyotugharimu na kutuokoa.

6 Juni: Majina ya misumari, na bunduki mbili zilizotolewa mapema

Kwanza niweke majina sawa, maana dukani yanachanganywa. Msumari mdogo wa kumalizia ni wa geji 18, waya wake una unene wa kama milimita 1.2. Kwenye boksi huandikwa F na namba, na namba ndiyo urefu kwa milimita: F30 ni milimita 30, F50 ni 50. Ukikuta T, kwa mfano T50, hiyo ni geji 16, mnene zaidi, kama milimita 1.6. ST ni geji 14, msumari wa zege. Kuna pia pini za geji 23, nyembamba kama sindano na hazina kichwa. Hizo zinashikilia kipande wakati gundi inakauka, hazibebi kitu. Namba ya geji ikipanda, msumari unazidi kuwa mwembamba. Muuzaji mmoja aliniapia kinyume chake.

Bunduki nayo huitwa kwa msumari mrefu kabisa inaoumeza. Ya F30 inaishia milimita 30, ya F50 inaishia 50, na zote mbili zinakubali mifupi.

Tuliazima bunduki mbili kabla ya kutoa hela.

Ya kwanza ni ya umeme wa moja kwa moja ukutani, haina kompresa, ile mashine ya kujaza upepo. Inavutia kwa sababu unachomeka na kuanza kazi. Kwenye kipande cha paini ilizamisha F25 vizuri. Kwenye mninga kichwa cha msumari kilibaki nje karibu milimita 4, kila mara, na ukipiga mara ya pili mahali pale pale unapata tundu la pili. Inafaa kwa migongo ya makabati na fremu za picha. Imerudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.

Ya pili ni ya upepo, F30, nyepesi na ya bei nafuu. Hii ilizama mninga bila kusita. Tatizo ni hesabu: mkanda una unene wa 18, msumari una 30, kwa hiyo kinachoingia kwenye fremu ni milimita 12 tu. Tulipigilia kipande kwenye fremu ya majaribio, kijana wangu akakishika ukingo na kukivuta kwa vidole. Kikatoka. Kanuni ninayoifuata ni kwamba angalau nusu ya msumari iwe ndani ya kile kinachobeba, na theluthi mbili ikiwezekana. Kwa mkanda wa 18 unaanzia F40.

Anayetengeneza makabati ya MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, peke yake anaweza kuishia kwenye F30 na asijute. Kwa mikanda ya milango haitoshi.

11 Juni: Kununua

Baada ya F30 kushindwa zilibaki tatu: F50 ya upepo, T50 ya upepo, na ya betri.

Ya betri niliishika na kuitamani. Zinatofautiana ndani: za DeWalt zinatumia gurudumu linalozungushwa na mota kisha linasukuma ulimi wa chuma unaopiga msumari, za Milwaukee zina naitrojeni iliyofungiwa ndani ya silinda, na za Ryobi zinakandamiza hewa ndani yake zenyewe. Zote zinakuondolea mpira wa upepo na kelele za kompresa, na kwa fundi anayeingia nyumba za watu kufanya marekebisho madogo ni raha tupu. Lakini bei yake, pamoja na betri na chaja, ilipita shilingi milioni moja. Uzito ni kilo mbili na nusu na kuendelea, wakati ya upepo haifiki hata kilo moja na nusu. Kwa kazi ya konisi, mikono juu saa nzima, kilo hiyo moja unaihisi begani. Na ikiharibika nani ataifungua hapa mjini? Ya upepo ikivuja, mara nyingi ni oringi, kipete cha mpira cha kuzuia upepo, na oringi zinauzwa.

T50 niliijaribu dukani kwenye kipande changu cha mninga nilichokwenda nacho. Nguvu inayo, ila tundu lake ni kubwa, na kwenye ukingo wa mkanda, sentimita moja kutoka pembeni, mbao ilichanika. Kwa mikanda mizito ya milango ya nje ningeichukua. Kwa mbao ya kupakwa vanishi, ambako kila tundu linaonekana, hapana.

Nikachukua F50 ya upepo, 135,000. Mambo niliyoangalia kabla ya kulipa: kirekebishi cha kina karibu na pua, ili usitegemee presha peke yake kuzamisha kichwa, pua inayofunguka kwa mkono msumari ukikwama, bila kutafuta ufunguo wa alen, kofia ya mpira kwenye pua isiyoacha alama kwenye mbao, na kifyatulio cha mpigo mmoja mmoja. Zipo zinazopiga kila pua inapogusa mbao huku kidole kimebana. Hizo ni za kupigilia haraka kwenye makreti. Kwenye mkanda utapata misumari miwili badala ya mmoja.

Kitu ambacho bunduki hii haina, na nyingi za bei hii hazina, ni kizuizi cha kupiga tupu. Misumari ikiisha inaendelea kufyatua kama kawaida. Suala hilo linarudi huko mbele.

Misumari: boksi la F30 elfu 10, F40 elfu 12, F50 elfu 15. Zote za zinki. Boksi lina misumari 5,000, linakaa muda mrefu.

14 Juni: Upepo na umeme

Bunduki ilikuwa sehemu rahisi. Kompresa ndiyo iliyonila hela na muda.

Msumari wa geji 18 hauhitaji upepo mwingi, kila mpigo unatumia kama lita moja na kitu ya hewa. Kwa kazi ya mtu mmoja tangi la lita 24 linatosha. Nilichukua la lita 50, mota ya nguvu za farasi 2, kwa 520,000, kwa sababu fundi rangi atalitumia pia na tumekubaliana achangie matengenezo. Mpira wa mita 20 elfu 45, koplingi na vidude vyake elfu 30.

Siku ya kwanza kompresa ilikataa kuwaka. Inanguruma, inatetemeka, inazima. Umeme wa nyumba ulikuwa bado, tulikuwa na kijenereta cha kVA 2. Mota ya farasi 2 inakula karibu kilowati moja na nusu ikiwa mwendo, lakini wakati wa kuamka inataka mara kadhaa ya hapo. Kijenereta hakina pumzi hiyo. Tulipofungua upepo wote kwenye tangi na kuwasha likiwa tupu, iliamka. Ilipojaa ikazima, na ilipotaka kuamka tena ikiwa na presha ndani, ikagoma kama mwanzo. Tulifanya kazi hivyo, kujaza, kutumia hadi iishe, kufungua, kuwasha, mpaka luku ilipofungwa.

Luku ilipofungwa shida ikabaki nusu. Soketi iliyokuwa hai ilikuwa moja tu, jikoni, na tulikuwa na ekstensheni ndefu ya waya mwembamba. Kwenye waya mwembamba umeme unafika umechoka, mota inapata joto. Suluhisho lilikuwa kugeuza mambo: kompresa ikae karibu na soketi, kwa waya mfupi wa milimita 2.5, na kinachorefushwa kiwe mpira wa upepo. Upepo ukisafiri mita 20 hupungua kidogo sana, na bunduki ya geji 18 haijali. Waya huo mpya na plagi yake, elfu 75.

Mambo madogo ya kila siku nayaandika mara moja tu. Asubuhi, matone mawili matatu ya mafuta mepesi ya mashine za upepo kwenye mlango wa hewa wa bunduki. Oili ya injini usiweke, viungo vyake vya kusafishia vinaharibu mipira ya ndani. Jioni, fungua koki ya chini ya tangi maji yatoke. Hata Dodoma wakati wa kiangazi yanatoka. Na kichujio cha hewa cha kompresa kipigwe vumbi, maana upepo wa mji huu mwezi wa Juni unaleta mchanga hadi ndani ya chai.

Presha: tulianza na bar 5 kwa paini, bar 6 na nusu hadi 7 kwa mninga. Soma kikomo kilichoandikwa kwenye bunduki yako, usikipite.

19 Juni: Misumari inapinda

Milango ya kwanza, mikanda ya mninga juu ya fremu za mninga, F50. Kwa nini F50? Kwa sababu tulikuwa nayo, na mrefu unaonekana kuwa imara zaidi. Kwenye mlango wa tatu ncha ya msumari ilitokea ubavuni mwa fremu, upande wa ndani ambako mlango unafungia, sentimita moja tu kutoka kwenye kidole gumba cha kijana. Tukasimama.

Msumari wa geji 18 ni mwembamba. Ukiwa mrefu na mbao ni ngumu, ncha ikikutana na mshipa wa mbao inaufuata, na msumari uliobaki nyuma unaisukuma kwenye njia hiyo hiyo. Kuna mambo matatu yaliyosaidia.

La kwanza ni kufupisha. Tulishuka hadi F40: milimita 22 ndani ya fremu. Inashika vizuri na haipindi ovyo. Mkanda wa mlango haubebi mzigo, F50 ilikuwa ya bure.

La pili ni namna ya kushika bunduki, na hili ni watu wachache wanaolieleza. Angalia ncha ya msumari wa F: imekatwa kama patasi, na makali ya patasi hiyo yanafuata urefu wa mstari wa misumari, yaani urefu wa magazini. Msumari ukipinda, hupinda kwenda ubavu wa kushoto au wa kulia wa bunduki. Ukiishika bunduki magazini yake ikiwa sambamba na mkanda, kushoto na kulia ni kingo za fremu, na huko ndiko unakotokea. Ukiigeuza magazini ikate mkanda, kama herufi T, msumari ukipinda unabaki ndani ya mbao, unaelekea juu au chini kwenye urefu wa fremu. Faida nyingine ni kwamba kichwa cha msumari, ambacho ni kirefu upande mmoja, kinalala kufuata nyuzi za mbao, na tundu linaonekana kama mshipa tu. Patasi nayo inakata nyuzi badala ya kuzipasua. Tangu tugeuze mikono hakuna msumari uliotokea ubavuni kwenye fremu za mninga.

La tatu ni mkono usio na bunduki. Uwe mbali na pua kuliko urefu wa msumari, kila upande. Miwani machoni. Msumari ukikwama, mpira wa upepo unachomolewa kwanza, ndipo pua inafunguliwa. Kijana alisema, "Fundi, nimeiachia tu kifyatulio, haina neno." Nikamwambia achomoe.

Mlango wa mbele ulikuwa na hadithi yake. Msumari ulizama nusu na kujikunja kama jani la mchicha lililonyauka, wa pili hivyo hivyo. Tulipokwangua rangi ya msingi tukaona fremu hiyo ni mkongo, mbao ngumu kuliko mninga. Presha haikusaidia, F30 haikusaidia. Pale tulirudi kwenye njia ya zamani: drili ya milimita 1.5, msumari wa mkono, panchi. Bunduki ina mwisho wake.

Misumari iliyobaki nje usiing'oe kwa mbele. Toa mkanda, kisha vuta msumari kwa koleo kutokea nyuma, ukipitisha kichwa chake ndani ya mbao. Uso wa mbele unabaki na tundu dogo tu badala ya kumeguka.

24 Juni: Lipu iliyopita fremu

Kwenye milango mingi lipu imekaa sawa na fremu. Kwenye milango ya korido lipu imeizidi fremu kwa milimita 5 au 6. Mkanda ukiuweka unakaa mshazari: ukingo wa nje umepanda juu ya lipu, wa ndani unaning'inia. Ukipiga bunduki hapo, msumari unapita hewani kwanza, mkanda unavutwa, na kona za nyuzi 45 zinafunguka kwa mbele.

Tulijaribu kuziba pengo kwa vipande vyembamba vya plaiwudi. Kazi chafu, inaonekana. Kilichofaa ni mambo mawili pamoja. Tulichora mstari wa ukingo wa nje wa mkanda ukutani, tukaukata kwa grainda yenye diski ya zege, na kuchimba lipu iliyo ndani ya mstari hadi ishuke. Halafu tukapitisha nyuma ya kila mkanda mfereji mpana wa kina cha milimita 3 kwa ruta, ukiacha sentimita moja moja kila ukingo. Mkanda wenye mgongo uliochimbwa unasamehe lipu isiyo sawa, unagusa kwenye kingo peke yake. Sasa natoa mfereji huo kwa kila mkanda hata ukuta ukiwa mzuri.

Ukingo wa ndani unapigiliwa F40 kwenye fremu. Ukingo wa nje uko juu ya lipu, na kwenye lipu msumari huu haushiki chochote, unavunja tu. Hapo ni gundi ya mrija, ile inayokamuliwa, mstari mmoja mwembamba. Majaribio ya kwanza gundi ilibanduka na ngozi ya skimu. Tukakwangua skimu hadi kwenye lipu yenyewe, tukafagia vumbi kwa brashi, ikashika.

Siku hiyo pia ndiyo bunduki ilipiga tupu. Kijana alipigilia nguzo nzima ya mkanda, vizuri, kwa mpangilio, na alipouachia ukaanguka. Matundu yote yapo, msumari hakuna hata mmoja. Ulimi wa chuma unachoma mbao kama kawaida, usipoangalia hujui. Sasa kila tunapoanza nguzo mpya tunatazama dirisha la ubavuni mwa magazini.

1 Julai: Skatingi, na ukuta usio na mbao

Hapa ndipo wengi wanaonunua bunduki baada ya kutazama video za Marekani wanapokwama. Kule ukuta wa ndani mara nyingi ni jipsamu juu ya nguzo za mbao, na msumari wa geji 18 au 16 unapita jipsamu unakuta mbao. Sisi nyuma ya lipu tuna tofali la saruji. F50 kwenye tofali inajikunja papo hapo.

Tulikodi bunduki ya ST, ya misumari ya zege, elfu 15 kwa siku. Matokeo: mahali msumari ulishika kiasi cha kutotoka, hatua moja mbele ukavunja kipande cha lipu cha ukubwa wa kiganja, mbele tena ukagonga kokoto na kurudi. Tofali za nyumba hii hazifanani uimara, zimefyatuliwa kwa awamu. Na tundu la ST kwenye paini ya milimita 15 ni kama umetoboa kwa kalamu. Ikarudi mchana.

Mwenye nyumba alikuwepo. "Fundi, si mtumie gundi tu, kama vigae?" Nikamjibu, "Mama, gundi itashika leo. Hii paini bado ina maji. Ikinyauka na kujipinda itabandua lipu yako." Alikubali tufanye namna mbili.

Kwenye vyumba viwili vya nyuma, ambavyo havijapigwa lipu, tuliomba fundi ujenzi aanzie lipu juu kidogo. Chini tulifunga ukanda wa mbao wa paini wenye unene sawa na lipu, milimita 15, kwa skrubu na fisha (vishikio vya plastiki vinavyoingizwa ukutani) za milimita 8, kila sentimita 60. Lipu ikaja kuishia juu ya ukanda huo, uso ukawa mmoja. Skatingi ikapigiliwa kwenye mbao kwa F30, kwa sababu hapo nyuma kuna milimita 15 tu na kinachofuata ni tofali. Kazi ilikwenda kama maji. Kwa nyumba mpya sitaki tena njia nyingine. Mwambie mwenye nyumba kabla lipu haijapigwa, ukanda ni mbao ya bei ndogo kabisa.

Kwenye vyumba vilivyokwisha pigwa lipu, skatingi ilifungwa kwa skrubu na fisha moja kwa moja, kichwa kikazamishwa milimita 6 na kuzibwa kwa kizibo cha mbao kilichokatwa kwa drili ya vizibo. Kwa kuwa inapakwa rangi, havionekani. Bunduki huko ilifanya kazi moja tu, kufunga kona za nje: gundi nyeupe kwenye nyuzi 45, kisha F30 moja kutoka kila upande, juu na chini, zisikutane.

Kona za ndani hatukukata nyuzi 45. Ubao mmoja unafika ukutani ukiwa mraba, wa pili unakatwa kufuata umbo la uso wa kwanza kwa msumeno mwembamba. Kuta hazina pembe kamili ya nyuzi 90, na njia hii haiulizi.

9 Julai: Konisi

Ilikwenda upesi. Nyuma ya plaiwudi kuna mbao za mbili kwa mbili, tulizitafuta kwa kufuata mistari ya misumari ya dari na kuweka alama kwa penseli. F50 hatimaye ikapata kazi: konisi, plaiwudi, kisha mbao laini ya paini. Bar 5 na nusu. Ukingo wa chini, ulio juu ya ukuta, ni gundi ya mrija tena. Uzito mdogo wa bunduki hapa ulilipa, kijana alikaa juu ya jukwaa asubuhi nzima bila kulalamika.

16 Julai: Kuziba matundu

Kwenye paini ya rangi nyeupe ni puti ya kawaida, msasa, basi.

Kwenye mninga tulianza na dawa ya mafundi wote: vumbi la mninga na gundi nyeupe. Ilipokauka ilionekana sawa. Vanishi ilipopita, kila tundu likabaki na duara la rangi tofauti, kwa sababu gundi imeziba mbao kuzunguka tundu na vanishi haiingii. Kwenye mlango mmoja duara hizo zilionekana kutoka sebuleni. Tulizichokonoa kwa ncha ya kisu, tukapiga msasa hadi gundi ikaisha, na kurudia kwa vumbi laini lililochanganywa na sila yenyewe ya msingi (ile inayopakwa kwanza kuziba mbao kabla ya vanishi), kidogo kidogo, baada ya koti la kwanza la sila kukauka. Koti la kwanza linalinda mbao inayozunguka, puti inabaki ndani ya tundu tu. Vumbi litoke kwenye msasa namba 180 au zaidi, siyo kwenye msumeno. Na changanya ya mbao ile ile, mninga hutofautiana kutoka manjano hadi hudhurungi hata ndani ya ubao mmoja.

5 Agosti: Kukagua, na hesabu

Tumerudi kuangalia. Mikanda yote ya mninga imesimama, kona zimefungwa. Kwenye skatingi ya paini kona mbili za nje zimeachia kama milimita moja, zote kwenye mbao tulizoongeza dakika za mwisho, zilizotoka kwenye lori la Mafinga moja kwa moja hadi kwenye msumeno. Zile zilizokaa kwenye vijiti chini ya bati tangu mwanzo wa Juni, hewa ikipita kila upande, hazijasogea. Kona hizo mbili zimefunguliwa, zimekatwa upya na kupigiliwa F30 mahali papya; kuziba ufa kwa silikoni kungeonekana kwenye rangi baada ya mwaka.

Gharama za vifaa: bunduki 135,000, kompresa 520,000, mpira 45,000, koplingi 30,000, waya 75,000, misumari 37,000, kukodi ST 15,000. Jumla 857,000. Ukiwa tayari na kompresa, ondoa zaidi ya nusu. Boksi zote tatu za misumari bado ziko nusu na zaidi, F50 karibu nzima. Nikianza upya ningenunua F30 na F40 peke yake na kuomba kiganja cha F50 kwa mwenzangu.

Kinachofuata ni makabati ya jikoni ya nyumba hii hii, MDF ya 16 na migongo ya plaiwudi nyembamba. Bunduki ya F50 itatumika ikiwa na misumari ya F25. Nimeagiza pia seti ya oringi na ulimi wa chuma wa akiba, kwa kuwa ule wa sasa umeanza kumeguka ncha kutokana na mipigo ile iliyogonga mkongo.